Nesi wenu alipokuwa Madam Tausi

 

Wiki iliyopita niliahidi tutaongea kuhusu homa ya usiku kwa watoto wadogo. Naomba mnisamehe, homa tutaisogeza wiki ijayo. Leo nina jambo limenikaa kifuani tangu likizo ya Desemba, na kila nikikaa kuandika kingine mkono unarudi hapo hapo. Ni refu kidogo. Kama unanyonyesha, tafuta mto uweke mgongoni, twende.

Iko hivi. Mwenzenu likizo ile nilikuwa mwalimu. Si mwalimu wa shule yenye tofali na bati, hapana. Mwalimu wa shule ya mchezo, ndani ya simu. Jina langu lilikuwa Madam Tausi.

Cheka kwanza, halafu nikueleze.

Binti yangu yuko darasa la sita. Likizo ilipoanza nilimpa simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikamwekea bando la wiki na masharti yangu yote ya kinesi: mwisho saa mbili usiku, simu inalala sebuleni, kazi za nyumbani kwanza. Nikajiona mama niliyekamilika. Siku ya tatu natoka zamu ya usiku, nimejilaza, nasikia chumba cha pili mtoto anasema, "Simameni! Kaeni! Nani amepiga kelele nyuma?" Peke yake.

Nikaenda kuchungulia. Kumbe wako shuleni.

Kwa ambaye hajawahi kuona: kuna michezo ya mtandaoni ambako kila mtoto anatengeneza kikatuni chake, anakivisha sare, anakipa jina, kisha anaingia kwenye jengo la shule. Kuna madarasa, kengele, kantini, ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuna kushinda wala kushindwa. Kazi ni kuigiza tu. Mmoja kiranja, mwingine mtoro, mwingine mwanafunzi mgeni. Wanaongea kwa kuandika. Maneno unayaandika kawaida, lakini kitendo unakiweka kati ya nyota mbili. Kama hivi: *anainua mkono*. *anafuta ubao*. *anaficha andazi chini ya dawati*. Zikumbuke hizo nyota, tutazihitaji mbele.

Shule yao ilikuwa ya watoto wanaoongea Kiswahili. Dar, Mwanza, Nairobi, Mombasa, na mmoja yuko Muscat na wazazi wake. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka 15. Shida ikawa mwalimu wao wa darasa kaondoka, kaenda kijijini kwa bibi ambako mtandao haushiki. Binti yangu akanigeukia. "Mama, nakuomba, siku moja tu. Wewe si unajua kufundisha, kila siku unafundisha wamama kliniki?"

Jamani, mtoto akikusifia hivyo utakataa?

Akanitengenezea Madam Tausi. Mrefu, kiuno chembamba, kiatu kirefu, nywele hadi mgongoni. Mimi mnaonijua, kimo changu ni cha debe la mahindi. Nikaingia darasani, watoto 14 wakaandika kwa pamoja, "Shikamoo madam." Wa Nairobi wakauliza shikamoo ndiyo nini. Wa Dar wakawaeleza. Nikaandika, "Marahaba, kaeni." Na kwa kweli, mama zangu, nilifurahi. Siku moja ikawa wiki tatu.

Niwaambie nilichokiona, maana nilikaa kwenye kiti ambacho wazazi wengi hatujawahi kukikalia.

Cha kwanza, watoto waliigiza yale wanayoyaishi. Siku ya kwanza tu mmoja aliniuliza, "Madam, fimbo yako iko wapi?" Nikasema mimi sina fimbo. Wakanicheka. Mmoja akasema, "Basi hatutakusikiliza." Hapa kwetu kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko shuleni visizidi vinne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Lakini kwenye shule waliyoijenga watoto wenyewe, kila mwalimu alikuwa na fimbo yake, na hakuna aliyehesabu. Hawakujifunza hilo kwenye simu.

Cha pili kilinichukua muda kukielewa. Kulikuwa na mtoto anachelewa kila siku kwa makusudi. Kengele inalia, darasa linaanza, dakika tano baadaye yeye ndiyo anatokea. *anasimama mlangoni*. Ananisubiri nimuulize, "Kwa nini umechelewa?" Kila siku ana sababu mpya. Leo mdogo wangu aliumwa. Leo nilichota maji. Leo mama hakurudi jana. Mwanzoni niliona ni utundu. Wiki ya pili nikagundua anachelewa kwa sababu alitaka mtu mzima amuulize. Akishaulizwa anaridhika, anaenda kukaa.

Sisi wa wodi ya watoto hili tunalijua. Mtoto aliyelazwa ukimuuliza "unaumwa wapi?" anaweza kukunyamazia kama ukuta. Puliza glavu iwe puto, chora macho na mdomo, umwambie huyu ni mgonjwa, naye ndiye daktari. Hapo atakuambia puto linaumwa wapi, linaogopa nini, na nani alilifokea. Mtoto anaweza kulisemea puto yale ambayo bado hajaweza kujisemea mwenyewe.

Basi na shule ile ilikuwa puto kubwa la watoto 14.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa jioni, binti yangu amekaa karibu nami kwenye kochi, kila mtu na simu yake. Nafundisha Hesabu. Kuna msichana mmoja, jina alilolitumia nimelibadilisha, tumwite Kipepeo. Aliwahi kusema ana miaka 11. Akaandika:

*anainua mkono* Madam naomba ruhusa niende kwa nesi.

Kwenye shule ile kuumwa ni jambo la kawaida, kila siku kuna anayezimia. Nikamwandikia, "Nesi hayupo leo, vumilia kidogo."

*anashika tumbo* Madam siwezi kusimama.

"Kaa basi, tumalize swali la nne."

Kimya. Halafu ikaja:

madam naona damu

Bila nyota.

Sijui kama naweza kuwaeleza. Wiki tatu nilikuwa nasoma nyota, na mtoto huyu hakuwahi kukosea hata mara moja kuweka nyota zake. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Ni kama unapita wodini usiku, watoto watano wanalia, halafu kuna mmoja ambaye kilio chake kinakufanya uanze kukimbia.

Kichwani mambo yakapita haraka. Miaka 11, tumbo, damu. Kuna uwezekano mkubwa ni hedhi ya kwanza. Lakini inaweza kuwa ameumia. Inaweza kuwa mtu amemuumiza. Wodini ningefunga pazia, ningemwita mama yake, ningemwangalia, ningejua. Hapa nina kioo kilichopasuka na herufi kumi na kitu.

Nikaanza kuandika haraka haraka. Niliandika hivi, naomba muisome vizuri: "Njoo pembeni tuongee wawili tu. Usiogope. Usimwambie mtu kwanza."

Binti yangu alikuwa anasoma begani kwangu. Akanishika mkono.

"Mama. Wewe si ndiye ulituambia mtu mzima akituandikia hivyo tumkimbie?"

Nilisoma nilichoandika. Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu niko chuoni. Nia yangu ilikuwa njema, Mungu anajua. Nilitaka kumsitiri mtoto wa kike asiaibike mbele ya wenzake. Lakini nia haionekani kwenye simu. Yanaonekana maneno, na maneno yangu yalikuwa yale yale ya mtu mbaya, neno kwa neno. Kama ningemzoesha Kipepeo kwamba mwalimu mzuri anakuita pembeni na kukwambia usiseme, ningekuwa nimemfungulia mlango yule atakayekuja baada yangu.

Nikafuta. Nikaandika mbele ya darasa zima.

"Darasa, tunaacha Hesabu. Sasa ni Sayansi. Na Madam anaongea bila nyota."

Nikawaeleza. Kwamba msichana akikua, mara nyingi kati ya miaka 9 na 15, siku moja ataona damu kwenye nguo ya ndani. Huo si ugonjwa, si laana, wala si dalili kwamba amefanya jambo baya. Inaitwa hedhi. Tumbo linaweza kuuma chini ya kitovu. Inachukua siku chache, kisha inakwisha, na mwezi mwingine itarudi, ingawa miaka ya mwanzo huwa inarukaruka. Anahitaji pedi au kitambaa safi, abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, anawe mikono. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro.

Mvulana mmoja akaandika *anacheka*. Mwingine akamjibu, "Usicheke bana, hata dada yangu." Na hakuna aliyecheka tena.

Nikaendelea: "Kama damu imetoka kwa sababu umeumia, au kuna mtu amekuumiza, hilo nalo si kosa lako, na si siri. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Kama hayupo, piga 116, ni bure, ni ya watoto." Niliwaambia wote, nikijua nani ananisoma kwa makini zaidi.

Kisha, "Kipepeo, kuna mtu mzima nyumbani?"

shangazi. yuko jikoni

"Unamwogopa?"

hapana. naona aibu

"Sawa. Weka simu chini, nenda jikoni, sema maneno haya tu: Shangazi, nimeona damu, naomba unisaidie. Huhitaji kusema lingine. Darasa linakusubiri."

Akatoka. Hakuandika hata *anatoka darasani*. Alipotea tu.

Hakurudi siku ile wala kesho yake. Mama zangu, siku mbili hizo nilikuwa kazini napima presha za wajawazito, lakini roho haiko pale. Mtoto simjui jina, simjui sura, sijui mji wala nchi. Nilikuwa mwalimu wake wiki tatu, na ningetakiwa kumtafuta nisingejua hata pa kuanzia.

Siku ya tatu, dakika tano baada ya kengele, akatokea.

nilisema. shangazi alinikumbatia. na yeye alianza akiwa na 11

Halafu akaweka nyota zake: *anaenda kukaa kwenye kiti chake*.

Nililia. Binti yangu akaniletea khanga akaniambia, "Mama, futa machozi, kuna watu wanakusubiri ufundishe."

Ningeweza kuishia hapo ikawa hadithi tamu. Lakini usiku wake nilikuwa zamu, wodi imetulia, na ndipo ukweli wa upande wa pili ukaniingia.

Watoto 14 walinipenda. Waliniambia nani nyumbani anagombana na nani, nani anabaki peke yake mchana, mama wa nani anafanya kazi usiku. Nilijua nani mpweke kuliko wote. Na katika wiki tatu, hakuna mzazi hata mmoja aliyeniuliza wewe ni nani. Sikudanganya umri, maana hakuna aliyeniuliza. Niliingia na kiatu kirefu na jina la ndege, nikapewa darasa.

Kama mimi niliweza, nani hawezi?

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa. *anavua miwani*. Nikaandika kwamba mimi ni mtu mzima, ni mama wa mmoja wao, na kazini ni nesi. Kwamba ninaacha, kwa sababu mtu mzima hatakiwi kucheza na watoto ambao wazazi wao hawamjui, hata awe mzuri vipi. Kimya kirefu. Kisha mmoja akasema, "Madam tulijua. Unaweka nukta mwisho wa kila sentensi."

Nikaongea na mwalimu mkuu, yule wa miaka 15, nikampa kanuni moja tu ya shule yake: hakuna mwalimu kumwandikia mwanafunzi pembeni, yote yaandikwe darasani. Akaibandika kwenye ukuta wa ofisi yake. Alikuwa mwalimu mkuu mzuri, nakiri.

Lakini nisiwadanganye, sijatulia. Nilitoka, na kiti cha mwalimu hakikai wazi. Sijui kakikalia nani sasa. Nilichoweza ni kwa wangu. Binti yangu na wenzake wachache ambao mimi na mama zao tunajuana wamejitenga, wana darasa lao dogo, Jumamosi mchana, simu zikiwa sebuleni. Madam Tausi huwa anaalikwa mara moja moja. Kila mama anajua Tausi ni nani.

Sasa mama yangu, wewe utafanya nini leo usiku? Nakupa machache.

Usianze na "unacheza nini?" Utajibiwa "geimu." Uliza, "Humo ndani wewe ni nani?" Kisha, "Na nani ndiye mkubwa kuliko wote?" Kaa pembeni yake, mwambie akutembeze shule yake kama anavyomtembeza mgeni. Dakika kumi na tano zitakuambia zaidi ya mwezi mzima wa kupekua simu kwa siri.

Mfundishe maneno ya hatari, yakae kichwani kama anavyojua kuvuka barabara: "njoo pembeni", "usimwambie mama", "nitumie picha", "nitakupa zawadi". Akiyaona, hata kutoka kwa mtu anayempenda, aje akuonyeshe. Mwambie hata kutoka kwa nesi. Hata kutoka kwangu.

Akija kukuonyesha, usimnyang'anye simu hapo hapo. Najua mkono unawasha. Ukimnyang'anya, amejifunza kwamba kusema ukweli ni adhabu, na safari ijayo hatasema. Mshukuru kwanza. Usifute hizo meseji, ndizo ushahidi. Simu utaiamua kesho mkiwa mmetulia. Ile 116 ni bure hapa Tanzania, na Kenya ni hiyo hiyo. Hata mzazi anaweza kupiga.

Simu zilale mbali na mtoto. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na shule ya mchezo haina kengele ya kufunga.

Na wenye mabinti, ongeeni nao kuhusu hedhi kabla haijaja. Miaka 9 si mapema. Weka pedi kwenye begi lake, mwonyeshe inavyowekwa, ukimpeleka likizo kwa ndugu mwambie na mwenyeji. Ikija kabla ya miaka 8, au akifika 15 bado, au akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mlete kituoni tumwone.

Kipepeo alikuwa na shangazi mwema hatua ishirini kutoka alipokaa, na bado alimwambia kwanza mwalimu wa katuni. Simlaumu shangazi. Simlaumu hata mama yake. Aibu ilimzuia, na kwenye mchezo aibu ilimlegea. Lakini tangu siku ile kila jioni namuuliza binti yangu swali moja: "Leo kuna kitu unataka kuniambia bila nyota?"

Mara nyingi anasema hakuna. Juzi alisema kipo.

Hicho ni chetu wawili, sitawaambia.

Wiki ijayo ni homa ya usiku, naapa. Andaeni kipimajoto. Lala salama wewe na wanao.

Nesi wenu.